Kinga Haipimwi kwa Kibaba: Uhakiki wa Istilahi na Sitiari za Kiswahili katika Kueleza Kisukari cha Aina ya Kwanza

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maneno ambayo kwayo Kiswahili cha Afrika Mashariki hueleza chanzo cha kisukari cha aina ya kwanza, hasa kinga, kujishambulia, askari na kurithi. Hoja yetu ni kwamba neno kinga lilienea kwa umma kupitia UKIMWI, likiwa na maana ya kiasi kinachopungua na kuongezeka, na kwamba maana hiyo haiwezi kuueleza ugonjwa ambao chanzo chake ni kosa la utambuzi, si uchache wa kinga. Tunapendekeza maana nyingine ya kitenzi kukinga ambayo tayari imo katika lugha.

Utangulizi

Maradhi mengi ya Afrika Mashariki yamekwisha kupata lugha yake. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ana malaria, anajua kuna mbu, kuna vijidudu vilivyoingia katika damu, na kuna dawa ya kuviua. Akiambiwa ni kipindupindu, anafikiria maji na choo. Kisukari cha aina ya kwanza hakikubahatika hivyo. Jina lake lenyewe linamwelekeza msikilizaji kwenye bakuli la sukari, na maelezo yanayofuata, hata yakitolewa na mtaalamu mwenye nia njema, yanapitia maneno yaliyofinyangwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa.

Katika ugonjwa huu, seli za kinga huziharibu seli beta, yaani zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mpaka mgonjwa anabaki bila homoni ambayo pasipo hiyo hawezi kuishi. Aghalabu mgonjwa huyo ni mtoto au kijana, ingawa watu wazima nao huupata. Kabla ya 1922, mwaka ambao insulini ilianza kutumika kwa binadamu huko Toronto, kuupata ugonjwa huu kulikuwa sawa na kuhukumiwa kifo. Leo si hivyo, kwa sharti kwamba sindano zisikatizwe. Hapo ndipo suala la lugha linapoanza kuwa zito. Mzazi aliyeelewa kwamba mwanawe "ana tatizo la kinga" anaweza, kwa mantiki safi ya Kiswahili anachokijua, kwenda kutafuta kitu cha kuongeza kinga. Kisha akimwona mtoto amechangamka kwa siku mbili, akaanza kuzipunguza sindano. Mzazi huyo anakuwa amelifuata neno kama jamii ilivyomfundisha kulielewa.

Haya ni makala ya lugha, si ya tiba. Yanachukua matumizi yanayosikika redioni, kliniki na madarasani, na kuyauliza swali ambalo mhakiki huliuliza shairi: neno hili linasema nini, na linaficha nini? Susan Sontag alifanya kazi ya namna hiyo kuhusu kifua kikuu na saratani katika Illness as Metaphor (1978), kisha akaurudia uwanja huo mwaka 1989 kuhusu UKIMWI. Yeye alitaka ugonjwa uvuliwe sitiari. Sisi hatufiki huko. Mzazi aliyekaa kwenye benchi la kliniki anahitaji picha ya kushika, na akinyimwa picha na mtaalamu ataipata kwa jirani. Tunachodai ni kwamba picha anayopewa sasa ni mbovu kwa ugonjwa huu, na kwamba Kiswahili kinayo nyingine iliyo bora, tena ndani ya neno lile lile.

Kinga ya kibaba

Neno kinga ni la kale, lakini maana yake ya kibiolojia ilienea kwa umma katika miaka ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, jirani na Uganda, ambako ugonjwa huo ulikuja kuitwa "slim" kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Majina ya mitaani yalikuwa mengi kabla Kiswahili hakijatulia kwenye akronimu yenye maelezo ndani yake: Upungufu wa Kinga Mwilini. Wengine walisema Ukosefu wa Kinga Mwilini. Kwa mtazamo wa uundaji wa istilahi, UKIMWI ni miongoni mwa akronimu zilizofanikiwa zaidi katika historia ya lugha hii. Inatamkika kama neno la Kiswahili, imeingia katika ngeli ya U bila kusukumwa, na kila anayeitamka anakuwa ametamka nadharia fupi ya ugonjwa.

Tuitazame nadharia hiyo. Nomino zote mbili zilizoshindania nafasi ya kwanza, upungufu na ukosefu, ni nomino za kiasi. Maji hupungua mtungini, unga hupungua kwenye debe. Kinga nayo ikawa kitu cha kuwekwa katika chombo na kupimwa. Vitenzi vilivyofuata vilikubaliana na picha hiyo: kinga hushuka, hupanda, huongezwa, huimarishwa. Kipimo cha CD4 kikaipa picha hiyo tarakimu; mgonjwa alirudi nyumbani na namba, na namba kubwa ilikuwa habari njema. Wala picha hiyo haikuwa ya uongo. Virusi vya UKIMWI huzipunguza kweli seli za CD4, na dawa za kufubaza virusi huziacha ziongezeke tena. Picha ya kibaba ilifanya kazi iliyoundiwa, na hatuna sababu ya kuidharau.

Ila ilifanikiwa kupita kiasi. Kizazi kizima kimejifunza kwamba kinga nyingi ni nzuri, kinga chache ni mbaya, na hakuna la tatu. Biashara nayo ikalidaka somo hilo. Korona ilipoingia mwaka 2020, tangawizi na malimau viliuzwa kwa kitenzi kile kile cha kupandisha kinga, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Sasa mweleze mtu huyu kisukari cha aina ya kwanza. Hapa kinga haijapungua. Seli za T zinazoziharibu seli beta ni seli timamu, zinazofanya kwa ufanisi kile ambacho zingeifanyia seli iliyoingiliwa na virusi. Kosa liko katika kile zilichokitambua kuwa kigeni. Mwaka 1965 Mbelgiji Willy Gepts alionyesha jinsi seli nyeupe za damu zilivyojaa katika visiwa vya Langerhans kwenye kongosho za vijana waliofariki muda mfupi baada ya kuugua. Mwaka 1974 kingamwili dhidi ya visiwa hivyo zilipatikana katika damu ya wagonjwa. Mwelekeo wa tiba umefuata mantiki hiyo: Novemba 2022 Marekani iliidhinisha teplizumab, dawa inayozituliza seli za T na kuuchelewesha ugonjwa, kwa takriban miaka miwili, kwa watu ambao vipimo vinaonyesha kwamba wako njiani kuupata. Dawa hiyo haipandishi kinga hata kidogo. Msikilizaji wa kinga ya kibaba akiambiwa kwamba mtoto anasaidiwa kwa kutulizwa kinga, atadhani mfasiri amekosea.

Kiambishi -ji- na mtendwa aliyepotea

Wataalamu wameliona tatizo, na jibu lililozoeleka ni kifungu "ugonjwa wa kinga kujishambulia", au kwa sentensi kamili, "mfumo wa kinga unajishambulia wenyewe". Kifungu hiki kinahitaji kusomwa polepole, kwa sababu kinaonekana chepesi na sicho.

Kirejeshi -ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja. Juma amejikata: aliyekata ni Juma, aliyekatwa ni Juma. Paka anajiramba: ulimi ni wa paka na manyoya ni ya paka. Kwa kanuni hiyo hiyo, sentensi "mfumo wa kinga unajishambulia" inasema kwamba kinachoshambulia ni kinga na kinachoshambuliwa ni kinga. Sivyo ilivyo. Kinachoharibiwa ni seli beta, ambazo si sehemu ya mfumo wa kinga bali ni za kongosho. Na kama kweli kinga ingejishambulia, matokeo yake yangekuwa nini? Ingepungua. Msikilizaji makini, kwa kuifuata sarufi tu, anarudishwa pale pale tulipotaka kumtoa, kwenye upungufu wa kinga. Si ajabu basi kwamba mtoto mwenye kisukari hunong'onezewa kuwa ana UKIMWI, hasa maadam naye hukonda kabla ugonjwa haujatambuliwa.

Istilahi ya Kiingereza ambayo kifungu hiki kinaitafsiri huponea kwenye kiambishi awali cha Kigiriki kisichodai kumtaja mtendwa. Kiswahili hakina anasa hiyo. Kitenzi chetu kinataka kiima na yambwa, na vyote viwili vikae mahali pake. Paul Ehrlich, alipoizungumzia dhana hii mwanzoni mwa karne ya 20 kwa maneno ya Kilatini, horror autotoxicus, alikuwa na mwili mzima akilini: mwili unaoogopa kujitilia sumu. Noel Rose na Ernest Witebsky walipoonyesha mwaka 1956 kwamba sungura wanaweza kufanywa waharibu tezi zao za shingoni, mtendwa alikuwa wazi, ni tezi. Katika Kiswahili, "mwili unajishambulia" ni sentensi sahihi, kwa kuwa kinga na kongosho vyote ni mwili. "Kinga inaharibu seli za kongosho" ni bora zaidi, kwani inamtaja anayeharibiwa. Urefu wake hautudhuru. Tumezoea vifungu virefu kuliko hicho katika sheria na katika uhasibu.

Neno kingamwili lina kasoro iliyo jamaa na hii. Baadhi ya waandishi hulitumia kwa mfumo mzima wa kinga, wengine kwa zile protini za damu ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya kitu fulani. Katika kisukari cha aina ya kwanza utata huu una gharama. Kingamwili dhidi ya seli za kongosho zikionekana katika damu ya mtoto, hiyo ni dalili kwamba uharibifu umeanza, mara nyingine miaka kadhaa kabla ya kiu na kukojoa mara kwa mara. Lakini mzazi anayeambiwa "mtoto ana kingamwili" amekwisha kufundishwa, wakati wa chanjo za Korona, kwamba mwenye kingamwili ni mtu aliyesalimika. Anashukuru Mungu na kuondoka. Hapa tiba ya kilugha ni rahisi mno, na inashangaza kwamba haijawa desturi: neno kingamwili katika muktadha huu lisisimame bila "dhidi ya".

Askari na majirani zetu

Sitiari ya askari haikuanzia katika Kiswahili wala haiishii humo. Mnyarwanda huzungumzia abasirikare b'umubiri, askari wa mwili. Mganda naye ana abasirikale wake. Kinyarwanda kimekwenda mbali zaidi kwa neno ubudahangarwa, ambalo hutumika kwa kinga ya mwili na pia kwa kinga ya kutoshtakiwa, na ambalo ndani yake mna wazo la mtu asiyethubutiwa. Ni neno zuri, tena lina heshima kuliko kibaba chetu. Lakini nalo linamweka adui nje ya mlango.

Sitiari hii inapofikishwa kwenye kisukari cha aina ya kwanza inapata tendo moja tu la kusimulia, nalo ni uasi. Askari wamewageukia raia. Katika ukanda wetu sentensi hiyo haisikiki kama sayansi. Msikilizaji wa Bujumbura au wa Bukavu ana kumbukumbu zake kuhusu askari waliowageukia raia, na kumbukumbu hizo haziwezi kuachwa mlangoni mwa darasa la biolojia. Isitoshe, uasi una mchochezi. Mtu akiambiwa kuwa askari wa mwili wa mwanawe wameasi, swali lake la pili ni nani aliyewachochea, na majibu ya swali hilo yanajulikana: jirani mwenye kijicho, mke mwenza, bibi aliyekasirishwa katika mahari. Sitiari iliyokusudiwa kuufukuza uchawi imeufungulia mlango wa nyuma.

Wapo wanaopenda kutumia hapa methali "kikulacho ki nguoni mwako". Inavutia, nakiri. Lakini anayemla mtu kutoka ndani ya nguo ni chawa au kunguni, mgeni aliyejificha. Methali inasema adui yuko karibu. Haisemi kwamba hakuna adui. Katika ugonjwa huu hakuna mgeni ndani ya nguo, labda virusi fulani vilivyopita zamani na kuliamsha jambo, ambavyo watafiti wa Ulaya wamevichunguza kwa miongo kadhaa. Walioko wote ni wenyeji.

Kukinga kwa mikono miwili

Kitenzi kukinga kina maana mbili zilizo hai. Ya kwanza ni kuzuia: kukinga upepo, kukinga pigo. Ya pili ni kutega chombo au mikono ili kupokea: kukinga maji ya mvua chini ya mchirizi, kukinga viganja upewe karanga. Mazungumzo yote ya kinga ya mwili yameegemea maana ya kwanza. Hiyo ya pili, ambayo kila mtoto aliyelelewa katika nyumba ya bati anaijua kwa ndoo, imeachwa nje ya kliniki. Nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na kile ambacho elimu ya jeni imekigundua.

Katika kromosomu ya 6 mna kundi la jeni liitwalo HLA. Jeni hizi hutengeneza molekuli zinazokaa juu ya seli, kila moja ikiwa na mfereji mdogo kama viganja viwili vilivyounganishwa. Ndani ya seli, protini hukatwakatwa. Molekuli ya HLA hukinga kipande, huchomoza nacho nje, na kukionyesha. Seli ya T hupita na kukitazama. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walionyesha huko Canberra, katika kazi waliyoitangaza mwaka 1974 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, kwamba seli ya T haikitambui kipande kikiwa peke yake: hutambua kipande pamoja na viganja vilivyokishika. Viganja hivyo havifanani kwa watu wote. Jeni za HLA ni miongoni mwa zile zinazotofautiana zaidi kati ya mtu na mtu, ndiyo maana kupata figo ya kupandikiziwa ni kazi ngumu.

Umbo la kiganja linaamua kipande kipi kitashikwa vizuri na kipi kitadondoka. Mwaka 1987 John Todd, John Bell na Hugh McDevitt walionyesha kwamba mahali pamoja tu katika molekuli iitwayo DQ, nafasi ya 57 katika mnyororo wake wa beta, panachangia sana hatari ya kisukari hiki: asidi amino ya aina moja ikikaa hapo, hatari huwa ndogo, ikikaa nyingine, huongezeka. Yapo maumbo ya DQ yanayoongeza hatari na lipo moja linaloipunguza sana. Hakuna uasi katika habari hii. Ni habari ya mikono, ya kile inachoweza kukishika na namna inavyokishika.

Picha hii inaendelea mpaka kwenye tezi ya thaimasi, iliyoko kifuani juu ya moyo, ambako seli za T hukomaa. Huko hukingiwa vipande vya mwili wenyewe, na seli inayokishika kipande cha nyumbani kwa pupa huondolewa isije ikatoka. Insulini nayo huonyeshwa humo, kwa kiasi kidogo. Mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba watu ambao eneo lililo jirani na jeni ya insulini, katika kromosomu ya 11, lina umbo fulani refu, huonyesha insulini nyingi zaidi katika thaimasi, na watu hao hupungukiwa na hatari ya ugonjwa. Seli zao za T zilikutana na insulini mapema zikaizoea. Kwa zile zinazoponyoka shuleni kuna seli nyingine za kuzituliza, ambazo kuzigundua kwake kumewapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025. Mtoto wa kiume anayezaliwa na jeni ya FOXP3 iliyoharibika hukosa seli hizo, na mara nyingi hupata kisukari akiwa bado mchanga.

Mzazi anaweza kuambiwa hivi: mwili wa mwanao unakinga vipande vya vitu vyake ili vikaguliwe, kama kila mwili unavyofanya, kipande cha kongosho lake kimekingwa, na wakaguzi wamekidhania kuwa cha mgeni. Katika picha hii hakuna chombo cha kujazwa, kwa hiyo hakuna anayeambiwa anunue kitu cha kukijazia. Wala hakuna msaliti wa kutafutwa. Pingamizi lipo, kwamba kitenzi kimoja chenye maana mbili kitachanganya watu. Lakini maana hizo mbili zimeishi pamoja katika vinywa vya watu muda wote huu bila kugombana, na mtu haambiwi "kinga maji" akainua ngao.

Kurithi

Neno kurithi linahitaji uangalifu wa namna nyingine. Katika Kiswahili cha kawaida, urithi ni kitu kilichokuwepo kwa mzazi kikahamia kwa mtoto kikiwa kizima: shamba, nyumba, jina. Ugonjwa wa kurithi, kwa maana hiyo, ni ugonjwa aliokuwa nao mtu wa ukoo. Basi kisukari cha aina ya kwanza kikiitwa cha kurithi, ukoo unaanza kupekuliwa, na upekuzi katika jamii zetu una desturi ya kuanzia kwa mama.

Takwimu za Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako ugonjwa huu umechunguzwa zaidi, zinakwenda kinyume na upekuzi huo. Karibu 9 kati ya kila wagonjwa wapya 10 hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa. Ndugu wa mgonjwa ana hatari ya takriban 6 katika 100, kubwa ukilinganisha na watu wengine, ambao hatari yao ni kama 4 katika 1,000, lakini bado walio wengi hawaugui. Hata kwa pacha wa kufanana, wenye jeni zile zile, mmoja huweza kuugua na mwenzake akaishi miaka mingi bila ugonjwa. Na katika familia ambazo mzazi ni mgonjwa, mtoto wa baba mwenye ugonjwa ana hatari ya karibu mara mbili ya mtoto wa mama mwenye ugonjwa. Mashemeji wanaomkodolea mama macho wangefaa kulisikia hilo.

Kinachorithiwa ni sehemu, kwa mfano umbo la viganja kutoka kwa mama na jingine kutoka kwa baba, ambayo kila mmoja wao aliishi nayo salama. Jeni za HLA huchangia karibu nusu ya hatari ya kurithi. Nusu nyingine imetawanyika katika maeneo zaidi ya 60 ya jeni, mengi yenye mchango mdogo sana, na juu yake kuna mambo ya mazingira ambayo hayajafahamika vizuri. Lugha ina methali ya hali hii, nayo kwa bahati ya homonimu ina neno letu ndani yake katika ngeli nyingine: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja cha moto hakitoshi. Katika uandishi wa kitaalamu tungependelea "kurithi uelekeo wa ugonjwa" badala ya "kurithi ugonjwa", na nomino vinasaba, ambayo nchini Tanzania imezoeleka kwa kipimo cha kumtambua baba wa mtoto, iepukwe katika maongezi ya kliniki. Ina harufu ya mahakama.

Jina la ugonjwa na watoto wa Afrika

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba kila mtoto wa Afrika Mashariki anayetegemea insulini ana ugonjwa huu wa kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini kwa watoto na vijana 894 waliokuwa wametambuliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, unatulazimisha kusita. Karibu theluthi mbili yao hawakuwa na kingamwili dhidi ya kongosho, na alama zao za hatari ya kijenetiki zilikuwa za chini. Insulini waliikosa kweli, sindano walizihitaji kweli, lakini inaelekea njia iliyowafikisha hapo ni nyingine, na bado inatafutwa. Jeni nazo zinatuonya vivyo hivyo: umbo la jeni ya PTPN22 linalotajwa sana katika vitabu vya Ulaya kama chanzo kimojawapo cha hatari karibu halipatikani kabisa miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa mwanaistilahi hili ni onyo kubwa. Tukikimbilia kuutafsiri ugonjwa kwa chanzo chake, tukauita "kisukari cha kinga", tutakuwa tumewabandika watoto wengi wa Uganda jina la chanzo kisicho chao, kwa sababu tu ndicho kilichopatikana kwa watoto wa Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jumuiya ya kimataifa ya tiba iliacha kuziita aina za kisukari kwa matibabu na kuchukua namba, na Kiswahili kikafuata kwa "aina ya kwanza" na "aina ya pili". Kwa kliniki za kwetu, naona jina lililoachwa, kisukari kinachotegemea insulini, lilikuwa na faida ambayo namba haina: linamwambia mzazi la kufanya. Halidai kujua kilichotokea katika thaimasi. Namba ibaki katika faili la daktari. Mdomoni jina la zamani lina kazi bado.

Sentensi ya kwanza ya mzazi, basi, tungependa iwe: "Kongosho la mtoto huyu halitoi tena insulini, kwa hiyo atadungwa insulini kila siku, siku anazojisikia vizuri na siku anazojisikia vibaya; na hakuna chakula ulichompa wala ulichomnyima kilichomletea ugonjwa huu." Neno kinga halimo. Liletwe baadaye, vipimo vikishafanyika pale vinapopatikana, na likija lije na "dhidi ya", bila kibaba, bila bunduki.